MSAWAZO SI NENO LA KUKARIRI

Katika masomo ya fizikia na kemia, wanafunzi wa shule zetu za sekondari hufundishwa jambo liitwalo msawazo. Maana yake kwa ufupi ni hii: nguvu zinazokabiliana zisiposhindana, kitu hutulia, na mabadiliko mawili yaendayo kinyume yakienda kwa mwendo mmoja, hali haibadiliki kwa nje ijapokuwa kazi yaendelea kwa ndani. Aghalabu mwanafunzi hunakili maneno hayo kutoka ubaoni, huyakariri, huyatoa siku ya mtihani, kisha huyasahau. Siku hizi walimu wa nchi nyingi hulifundisha somo hilo kwa video fupi, na njia hiyo imeanza kuingia kwetu pia. Twasema kwamba ni njia njema, lakini ina mahali pake. Twasema tena kwamba hapa Mwanza, kuliko mahali pengi, kulifundisha somo hili vibaya si kosa dogo.

Mfanyakazi atauliza: mambo ya darasani yanihusu nini mimi? Yanamhusu sana. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka jinsi wakulima wa pamba walivyoilalamikia mizani ya wanunuzi katika siku za ukoloni. Kudai kipimo cha haki kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaunganisha hata wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Basi mizani ni nini kama si somo la msawazo? Mtu asiyelijua somo hilo akiona ubao wa mizani umelala sawasawa, hudhani kwamba uzito wa pande mbili ni sawa. La hasha! Mkono mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, ubao waweza kulala sawasawa ilhali mzigo wa upande mmoja ni mara mbili ya mwingine. Aliyelielewa hilo hapunjwi kwa urahisi.

Lakini kuna jambo zito kuliko pamba. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia bandari yetu na imejaa watu kupita kiasi. Mamia ya ndugu zetu walikufa, na makaburi ya Igoma ni ushahidi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo, kilipokuwa karibu kabisa kufika gati ya Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha, nchi kavu ikionekana kwa macho.

Chombo kinachoelea hushikwa na nguvu mbili: uzito wake pamoja na mzigo, unaovuta chini, na msukumo wa maji, unaoinua juu. Mzigo ukikaa chini tumboni mwa chombo, hata kikilala kidogo upande mmoja, nguvu hizo mbili hukirudisha mahali pake. Huo ndio msawazo thabiti. Watu na mizigo wakirundikana juu, kitovu cha uzito hupanda. Kikipanda kupita kiasi, nguvu zile zile zilizokuwa zikikirudisha chombo ndizo zinazokimalizia kukipindua. Tena watu wakikimbilia ubavu mmoja kwa pamoja, kitovu hicho huhama nao. Mvuvi wa Ukerewe anajua jambo hili bila kitabu, maana humwambia abiria wake aketi, asisimame mtumbwini.

Hatusemi kwamba somo la fizikia peke yake lingaliwaokoa watu wale. Kuzidisha abiria ni kuvunja sheria, na dawa yake ni ukaguzi na adhabu. Lakini sheria isiyoeleweka kwa wale inaowalinda ina mlinzi mmoja tu, naye ni mkaguzi. Asipokuwapo, sheria haipo. Sheria inayoeleweka ina walinzi wengi kama abiria walivyo wengi.

Sasa tutazame video hizi zafaa wapi. Kuna mambo ambayo mwalimu hawezi kuyaleta darasani hata angekuwa na maabara nzuri. Meli ni kubwa mno, tena hakuna atakayeipindua ili wanafunzi wajifunze. Chembe za kemia ni ndogo mno, hazionekani hata kwa darubini ya shule. Mabadiliko ya ziwa huchukua miezi na miaka, na kipindi ni dakika 40. Kwa mambo ya namna hiyo, video ya dakika 3 au 4 hufanya kazi ambayo ubao hauwezi: hukikuza kilicho kidogo, hukipunguza kilicho kikubwa, na hufupisha kilicho kirefu.

Tuchukue kemia. Kosa linalojulikana kwa walimu wa kemia ulimwenguni kote ni la mwanafunzi kudhani kwamba mabadiliko yaliyofikia msawazo yamesimama. Hayakusimama. Katika chupa ya soda iliyofungwa, gesi ya kaboni dioksidi hutoka katika maji, na gesi hiyo hiyo hurudi majini kwa mwendo ule ule. Jicho halioni lolote. Ukifungua kizibo, msawazo huvunjika na mapovu hupanda. Mfaransa Le Chatelier alieleza kanuni ya jambo hili mwaka 1884: ukiusumbua msawazo, hali husogea upande ule unaopunguza usumbufu huo. Kwa kufuata kanuni hiyo, Wajerumani walijua jinsi ya kuibana hewa ya naitrojeni na haidrojeni kwa nguvu kubwa ili kupata amonia, na kiwanda cha kwanza kilianza kazi Oppau mwaka 1913. Mfuko wa mbolea anaoununua mkulima wa Sengerema au Magu asili yake ni hapo.

Mfano mwingine uko mbele ya macho yetu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hutoka kwa mvuke; Kagera na mito mingine huongeza, na Nile huchukua pale Jinja. Maadamu kuingia na kutoka ni sawa, alama ya maji katika jiwe la Bismarck haisogei, ijapokuwa maji hayajatulia hata saa moja. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilivunja hesabu hiyo, ziwa likapanda kwa zaidi ya mita 2 hadi kufikia mwaka 1964. Mei 2020 lilikifikia tena kimo hicho, na nyumba na mashamba ya kandokando yakaingiwa na maji. Mwalimu mwangalifu ataongeza neno moja: ziwa liko wazi, lapokea na kutoa, lakini msawazo wa kemia huwa katika chombo kilichofungwa. Mfano huu ni mlango wa kuingilia, si nyumba yenyewe.

Hizo ndizo kazi za video. Lakini kuna mambo ambayo mikono yaweza kuyafanya, na hayo yafanywe kwa mikono. Rula, uzi na vijiwe vyatosha kufundisha mizani. Beseni la maji, mkebe mtupu na mawe machache vyatosha kufundisha meli: weka mawe chini mkebeni, uusukume kidogo, utarudi, yapandishe juu ya kijiti kilicholazwa mdomoni mwa mkebe, uusukume tena, utaona. Kumwonesha mtoto vijiwe katika kioo, ilhali vijiwe vyenyewe viko nje ya mlango wa darasa, ni uvivu uliovikwa nguo za maendeleo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wako wanaosema kwamba video zitawafanya wanafunzi watazamaji tu. Hofu hiyo ina msingi. Tena zipo video zinazopotosha: huonesha chembe zikienda upande mmoja, kisha zikirudi, mwanafunzi akadhani kwamba mabadiliko hupokezana zamu, kumbe yote mawili hutukia wakati mmoja. Kwa hiyo haifai mwalimu kuwasha chombo na kutoka nje. Yampasa kuisimamisha video kabla ya jibu, awaulize wanafunzi nini kitatokea, kila mmoja aandike neno lake, wabishane, ndipo aiendeleze. Aliyeandika jibu lisilo sahihi kisha akaona ukweli kwa macho yake hatasahau.

Liko pia suala la lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huikuta sayansi ya sekondari kwa Kiingereza, na mtihani pia kwa Kiingereza. Video iliyotengenezwa ng'ambo humletea mzigo juu ya mzigo: lugha ngumu, na mifano ya theluji na bembea za bustani asizozijua. Twashauri video zetu zifafanue jambo kwa Kiswahili safi, kisha zitaje majina ya Kiingereza yatakayohitajiwa katika mtihani. Ufahamu utangulie, jina lifuate.

Nani atazitengeneza? Si lazima tuanze mwanzo. Shule Direct imekuwa ikitoa masomo kwa njia ya mtandao tangu 2013, na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Lakini siku zile zilitufundisha pia kwamba somo linalotegemea chombo cha nyumbani humwacha mtoto wa maskini. Kwa hiyo video zihifadhiwe shuleni, zioneshwe kwa wote kwa pamoja, wala mzazi asidaiwe simu wala kifurushi. Taasisi ya Elimu Tanzania na vyuo vya ualimu, Butimba kikiwamo, vina watu wa kuongoza kazi hii.

Na wafanyakazi wana sehemu yao. MV Mwanza, meli ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilijengwa hapa hapa Mwanza na kushushwa majini Februari 2023. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na kila waya wake ni somo la nguvu zinazokabiliana. Mafundi, wahandisi na mabaharia wa kazi hizo wako kati yetu. Kamera iwafuate, baharia aoneshe mstari uliochorwa ubavuni mwa meli, aeleze kwa nini maji yasiupite.

Wazazi na walimu wasiridhike na mtoto anayeweza kuandika maana ya msawazo. Wamwulize kwa nini kivuko kilichojaa hupinduka. Akiweza kumweleza mama yake pale gatini, na mama akakubali kungoja safari ya pili, hapo ndipo tutakaposema kwamba somo limefundishwa.