Mahakama ya wilaya ya Marekani si ile unayoijua

Nimepotea kidogo, kazi zilikuwa nyingi. Leo narudi na hoja inayonihusu mwenyewe kabla sijamnyooshea mtu kidole.

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku. Ikaja habari ya shirika moja la nje: kijana wa Afrika Mashariki amefunguliwa mashitaka katika mahakama ya shirikisho nchini Marekani. Nikatafsiri harakaharaka, maana mtambo ulikuwa unasubiri. Nikaandika "akutwa na hatia". Mhariri akapitisha, gazeti likachapwa.

Asubuhi dada mmoja akapiga simu. Hakutukana. Aliuliza tu, "Kaka, kesi ya mdogo wangu imeisha lini?"

Jamani, kesi haikuwa imeisha. Ilikuwa haijaanza hata kusikilizwa. Kesho yake tukaomba radhi kwa mistari mitatu, ukurasa wa ndani. Kosa lenyewe lilikuwa ukurasa wa mbele.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma jinsi mahakama za shirikisho za Marekani zinavyofanya kazi. Maoni yangu ni haya: sisi waandishi wa Kiswahili tunatafsiri jina la kitu, hatutafsiri kazi yake. Anayeumia ni mtu ambaye hana gazeti la kujitetea.

Tuanze na neno "shirikisho". Marekani ina mifumo miwili ya mahakama inayokwenda sambamba. Kila jimbo lina mahakama zake, na huko ndiko kesi nyingi za mauaji, wizi na talaka zinakosikilizwa. Serikali ya shirikisho nayo ina zake, kwa makosa ya sheria za taifa zima. Ndiyo maana polisi Derek Chauvin, aliyemuua George Floyd, alitiwa hatiani na mahakama ya jimbo la Minnesota Aprili 2021, na bado akaenda kukiri makosa mengine mbele ya mahakama ya shirikisho Desemba mwaka huohuo. Wengi waliuliza inakuwaje mtu ashitakiwe mara mbili kwa tukio moja. Jibu ni kwamba zile ni mamlaka mbili, kila moja na sheria zake.

Sasa nitumie kesi inayotugusa. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa. Walikufa watu 224, kati yao 11 hapa Dar. Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya CIA, akapelekwa Guantanamo mwaka 2006, na Juni 2009 akahamishiwa New York. Huko alishitakiwa katika mahakama ya wilaya.

Hapo ndipo msomaji wetu anapopotea. Ukimwambia Mtanzania "mahakama ya wilaya" anaona hakimu, benchi la mbao na kesi ya kuku walioibwa. Ile ya Marekani ndiyo ngazi ambayo kesi za shirikisho huanzia, kubwa na ndogo, zikiwamo za ugaidi na za adhabu ya kifo. Ziko 94 nchi nzima. Majaji wake huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hawana ukomo wa muda. Kwa uzito, ilinganishe na Mahakama Kuu yetu.

Kabla kesi nzito ya jinai haijafika kwa jaji, kwa kawaida hupita kwenye baraza kuu. Hawa ni raia wa kawaida, kati ya 16 na 23, wanaokaa faragha na kusikia ushahidi wa upande wa mashitaka tu. Wakikubaliana angalau 12 kwamba kuna sababu ya kutosha ya kumshitaki mtu, hati ya mashitaka inatoka. Basi. Hakuna aliyesema mtu huyo ana hatia, na upande wake haujasikilizwa. Hapa ndipo nilipomfunga mdogo wake yule dada kwa kalamu yangu.

Kesi ikienda kusikilizwa, wanaoamua ni baraza jingine, la watu 12, ambalo sisi tunaliita baraza la wazee wa mahakama. Nalo jina linadanganya, maana kijana wa miaka 18 anaweza kuitwa. Wote 12 lazima wakubaliane, tena pasipo kuacha shaka ya maana. Jaji kazi yake ni kusimamia sheria. Kwa Ghailani, Jaji Lewis Kaplan alimzuia shahidi muhimu wa serikali kwa sababu alijulikana kutokana na maneno ambayo Ghailani aliyatoa akiwa ameshurutishwa na CIA. Serikali ilikwenda mbele bila shahidi huyo.

Tarehe 17 Novemba 2010 baraza likasema: mashitaka zaidi ya 280, hana hatia. Shitaka moja, kula njama ya kuharibu majengo na mali za serikali ya Marekani, ana hatia.

Mwandishi mwenzangu, ungeandikaje kichwa cha habari hapo? Kiswahili cha magazeti kinatusukuma kuandika "aachiwa huru mashitaka 280". Lakini Ghailani hakuachiwa popote. Alirudi mahabusu, na tarehe 25 Januari 2011 akapewa kifungo cha maisha kwa shitaka hilo moja. Mjane aliyepoteza mume pale ubalozini akisoma "aachiwa huru" atalala vipi? Kuonekana huna hatia katika shitaka fulani ni jambo moja, kutoka gerezani ni jambo jingine.

Vilevile neno "hukumu". Sisi tunalibebesha mizigo miwili: uamuzi wa hatia na adhabu yenyewe. Kwa Ghailani vitu hivyo vilipishana zaidi ya miezi miwili. Ukiandika "ahukumiwa" mara zote mbili, msomaji atadhani ni kesi mbili. Tuna "kutiwa hatiani" na tuna "adhabu". Tuyatumie.

Alikata rufaa. Mahakama za rufaa za shirikisho ziko 13, na kwa kawaida majaji watatu hukaa pamoja. Hawaiti mashahidi upya, wanaangalia kama sheria ilifuatwa. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba alicheleweshewa kesi kwa miaka karibu mitano. Oktoba 2013 rufaa ikakataliwa.

Juu kabisa kuna mahakama yenye majaji tisa. Tafadhali tusiiite "Mahakama Kuu", maana Mtanzania anajua juu ya Mahakama Kuu ipo Mahakama ya Rufani, hivyo atasubiri rufaa ambayo haipo. Tuiite Mahakama ya Juu kama Wakenya wanavyoiita yao. Mahakama hii huchagua kesi zake, na wakikubali majaji wanne ombi linasikilizwa. La Ghailani lilikataliwa mwaka 2014. Kukataa kusikiliza si kusema mahakama ya chini imepatia. Ni kusema tu, hii hatuichukui.

Najua kuna atakayesema wasomaji hawajali tofauti hizi, wanataka kichwa kitamu. Yule dada alijali. Na siku jina lako au la ndugu yako likiwa kwenye ile karatasi, utajali neno moja moja.

Mimi sasa nimejiwekea utaratibu. Kabla ya kuandika najiuliza: nani ameamua, ameamua nini hasa, na hatua gani imebaki? Nisipoweza kujibu yote matatu, naandika "anakabiliwa na mashitaka" na kuishia hapo, hata kama mtambo unanguruma.