Masikio ya Wazee na ya Watoto

Twaulizwa mara kwa mara na wazazi: ni nini hukumu ya nyimbo wazisikilizazo watoto wao kwa simu, vidude vikiwa masikioni? Wanavyuoni wamekhitilafiana tangu zamani katika jambo la ala za muziki. Wengi wamezikataza, na Ibn Hazm wa Andalusia akaziruhusu. Hatukusudii kukata shauri hilo hapa. Tutakalo ni kumuuliza mzazi: wewe mwenyewe wasikiliza nini?

Maana twazijua nyumba ambazo baba humkemea mwanawe kwa nyimbo za mapenzi za Kiswahili, na jioni yeye huijaza sebule sauti ya Umm Kulthum. Akiambiwa, hujibu kuwa hiyo ni lugha ya Qur'ani. Subhanallah! «Enta Omri», aliouimba mwaka 1964 kwa mahadhi yaliyotungwa na Mohammed Abdel Wahab, ni wimbo wa mapenzi tangu mwanzo hata mwisho; Kiarabu chake hakiufanyi kuwa kasida. Mtoto aliyesoma Kiarabu chuoni ayafahamu hayo, naye huyanyamazia kwa adabu tu.

Zamani redio ilikuwa moja nyumbani, na lililosikiwa na mmoja lilisikiwa na wote. Leo kila mtu ana simu yake. Basi mwambie mwanao avitoe vile vidude, mkae pamoja, akusikilizishe wimbo aupendao, nawe umfasirie wako. Likiwamo neno la kuonewa haya mbele ya mama yake, litajulikana papo hapo, liwe katika wimbo wake au wako.