Dhoruba Ikija Kyela



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuvundika na kukausha kakao. Mwezi huu tunazungumza juu ya upepo. Wewe unayeishi Kyela unaujua. Umeona bati likiruka kama karatasi. Umeona migomba imelala chini asubuhi, shamba zima. Pengine umemlilia mtu aliyekwenda ziwani jioni, na asubuhi mtumbwi wake ukaonekana peke yake.

Watu wengi husema, "Hiyo ni kazi ya Mungu, sisi tufanye nini?" Ni kweli, hakuna mtu awezaye kuuzuia upepo usivume. Lakini tutazame wanaokufa wanakufaje. Wengi hawauawi na upepo wenyewe. Wanauawa na ukuta ulioanguka, au bati lililong'oka, au mto waliouvuka kwa haraka, au mtumbwi ulioondoka siku isiyofaa. Katika hayo yote, mkono wa mtu umo.

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali vilipiga kijiji cha Mwakata, katika Wilaya ya Kahama. Watu zaidi ya 40 walikufa. Nyumba nyingi za pale zilikuwa za udongo. Kuta zililowa, zikawaangukia watu waliolala. Kahama ni mbali na Kyela, lakini tofali bichi ni lile lile.

Je, kwa nini Kyela inapata dhoruba nyingi? Fikiri jinsi nchi yetu ilivyokaa. Ziwa Nyasa ni refu, zaidi ya kilomita 550, tena ni jembamba. Kyela iko kwenye ncha yake ya kaskazini. Mashariki kuna Milima ya Livingstone, imesimama kama ukuta. Kaskazini kuna Mlima Rungwe. Hewa yenye unyevu ikitoka ziwani inaigonga milima hiyo, na haina njia ila kupanda juu. Ikipanda inapoa. Ikipoa inakuwa wingu, na wingu linakuwa mvua. Ndiyo maana Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma haifiki 700. Mpunga wetu unatokana na mvua hiyo. Dhoruba zetu pia.

Tuna dhoruba za namna mbili, nazo hazifanani.

Ya kwanza ni ya masika. Wingu jeusi linajijenga, joto linazidi, halafu ghafula unasikia upepo wa baridi usoni. Upepo huo unatoka ndani ya wingu. Hewa baridi inaanguka pamoja na mvua. Ikifika chini inatawanyika pande zote kwa nguvu. Huo ndio unaong'oa paa. Ukiusikia ubaridi huo, una dakika chache tu. Usizitumie kuanua nguo. Ita watoto waingie ndani, kisha ufunge milango na madirisha.

Na radi je? Ukiona mwanga, anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika 30, radi iko karibu, acha kazi. Radi hupenda kupiga kilicho kirefu. Mwembe ni mrefu, mchikichi ni mrefu. Katika jaruba la mpunga, kilicho kirefu ni wewe uliyesimama na jembe. Basi usijifiche chini ya mti, wala usibaki jarubani. Ingia nyumbani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mshike bila hofu. Kama hapumui, msaidieni kupumua, huku mkimtafutia gari la kumpeleka hospitali.

Hapa kuna jambo jingine, na tuliseme wazi. Katika vijiji vingine, radi ikiua mtu, jirani mzee husemwa kwamba ameituma. Radi haitumwi na mtu. Inatoka katika wingu, nayo hupiga nyumba ya mwema na ya mwovu. Kumpiga bibi kizee au kumchomea nyumba kwa ajili ya radi ni dhuluma, tena ni kosa la jinai.

Dhoruba ya pili ni ya kusi. Huvuma hasa toka mwezi wa tano hadi wa nane. Jirani zetu wa Malawi huuita upepo huo mwera. Kusi inaweza kuvuma mbingu zikiwa nyeupe, hakuna hata tone la mvua. Hapo ndipo mgeni anapodanganyika. Inatoka kusini, inalisukuma ziwa safari yote ile ndefu, na wimbi linakua njiani. Likifika Matema au Ngonga limekwisha kuwa zima. Mzungu Livingstone aliposafiri katika ziwa hili mwaka 1861 alipigwa na dhoruba hata akaona lingefaa kuitwa Ziwa la Dhoruba. Wazee wa pwani hii walikuwa wakilijua hilo kabla yake.

Julai 30, 1946, meli iitwayo Vipya ilipinduka katika dhoruba upande wa magharibi wa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Ilikuwa meli ya chuma, yenye injini. Watu zaidi ya 140 walikufa. Kama meli ya chuma ilipinduka, mtumbwi wa mti mmoja utasema nini?

Basi, mvuvi mwenzetu, soma maji kabla ya kutia kafi. Ukiona mawimbi marefu yanakuja kutoka kusini, na upepo bado haujafika, ujue kusi imekwisha anza kazi huko mbali. Rudi. Ninyi mnaovua usipa kwa taa usiku wa giza, kumbukeni kwamba usiku huo wingu halionekani. Tazameni umeme wa mbali. Ukimulika mara nyingi upande mmoja, vuteni nyavu. Ninyi akina mama wa Ikombe mnaopeleka vyungu sokoni Matema kwa mtumbwi, soko litakuwapo tena. Chungu kinafinyangwa kingine.

Jaketi la kuokolea ni bora kuliko vitu vyote. Kama huna, chukua dumu tupu la lita 20, ufunge kifuniko sawasawa, ulifunge mtumbwini kwa kamba unayoweza kuifungua upesi. Dumu hilo linamshikilia mtu mzima juu ya maji. Mtumbwi ukipinduka, ushike. Mtumbwi wa mti hauzami. Wengi wanaouacha ili waogelee mpaka pwani huishiwa nguvu njiani, kwa sababu pwani huonekana karibu kuliko ilivyo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku, na Ziwa Nyasa limo. Jifunze maneno yao matatu. Angalizo maana yake uwe macho. Tahadhari maana yake ujiandae, kwa kuwa hatari inakuja. Tahadhari kubwa maana yake uchukue hatua. Ukisikia redioni upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, fikiri hivi: wimbi la mita 2 ni refu kuliko mtu, nawe katika mtumbwi umekaa. Mwenye redio au simu amwambie asiye nayo. Kijiji kinaweza kukubaliana kutundika kitambaa chekundu juu ya mti wa mwaloni siku ya hatari. Hakigharimu kitu.

Wako pia wanaouliza habari za kisulisuli kikubwa, kama vile vinavyobomoa miji huko Marekani. Kule huhesabu zaidi ya elfu moja kwa mwaka, na watu huchimba vyumba chini ya ardhi wapate kujificha. Kwetu ni vichache. Lakini wingu la dhoruba laweza kushusha mkia unaozunguka hadi majini. Ukiuona, usiukaribie. Ila si kila nguzo nyeusi ziwani ni kisulisuli. Nyingine ni wadudu wadogo mno, mamilioni kwa mamilioni, wanaopanda juu kama moshi. Malawi huwaita kungu, huwakusanya, huwafanya mikate wakala. Hao hawazamishi mtumbwi.

Mito nayo ina udanganyifu wake. Kiwira, Mbaka na Lufilyo inatoka milimani. Mvua ikinyesha Rungwe, maji hujaa Kyela hata kama kwako jua linawaka. Songwe huhama kabisa njia yake, hata Tanzania na Malawi zikatia sahihi mkataba mwaka 2017 wa kuitunza bonde lake pamoja. Maji ya mafuriko yakifika magotini yakiwa yanakwenda kasi, yanamwangusha mtu. Usivuke. Yakipungua, chemsha maji ya kunywa, kwa maana vyoo vimekwisha ingia visimani.

Sasa turudi nyumbani kwako. Watu hudhani upepo hulisukuma paa. Sivyo, hulinyanyua. Unapita juu na kulivuta, na mwingine unaingia mlangoni na kulisukuma kutoka chini. Kwa hiyo mawe yaliyowekwa juu ya bati hayasaidii. Huanguka yakaumiza watu. Kinachosaidia ni kufunga. Zamani Wanyakyusa walijenga kwa mianzi, na mwanzi hupinda bila kuvunjika. Tofali halipindi. Fundi anapojenga ukuta, aache waya nene au mkanda wa chuma ndani ya kozi tatu za juu, kisha aukunje juu ya kenchi na kuufunga. Misumari ya bati iwe na kofia, na kwenye kingo iwe mingi zaidi, maana upepo huanzia kufunua pembeni. Paa la baraza lisiungwe na paa kubwa. Likichukuliwa, liende peke yake. Paa la pande nne hustahimili kuliko la pande mbili. Na matawi ya mwembe yaliyoinamia nyumba yakatwe wakati wa kiangazi.

Kama nyumba yako imekwisha jengwa, ingia ndani leo mchana utazame juu. Tafuta mahali kenchi inapokutana na ukuta. Kama imelala tu juu ya tofali, toboa tundu ukutani chini ya kozi ya tatu, pitisha waya, uuzungushe kwenye kenchi, uukaze kwa koleo. Fanya hivyo kila kenchi, ukianzia zile za mwisho, pande zote mbili.