Karatasi ya nini kwenye blanketi la mtoto? (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu, miguu inawaka, lakini hili siwezi kulilaza mpaka kesho.

Tangu niandike sehemu ya pili, ile ya vitu vya kuweka kwenye begi la kujifungulia, nimepata meseji nyingi na nyingi zinauliza jambo moja. "Nesi, blanketi la vipande vya vitenge nishone kwa karatasi au nishone hivi hivi?" Wengine mmeshaambiwa kabisa kwamba la karatasi ndilo la kisasa, na kwamba hili la kuunga vipande kama alivyofanya bibi ni la kimaskini.

Jibu langu ni fupi. Kwa mtoto mchanga, shona hivi hivi. Karatasi iache. Anayetaka kusema nesi anaingilia kazi za mafundi, namwomba asome kwanza.

Kwa wasiojua tunazungumza nini: njia ya karatasi ziko mbili. Ya kwanza, unachora umbo kwenye karatasi, tuseme nyota, unalaza kitambaa nyuma yake na kupitisha cherehani juu ya mstari uliochora, kipande baada ya kipande. Ukimaliza unachana karatasi na kuitoa. Ya pili ni ya mkono. Unakata karatasi ya pembe sita, unakunja kitambaa juu yake, unapiga bandi kishike, kisha unaunga ukingo kwa ukingo, na mwisho unafumua bandi na kutoa karatasi. Njia ya bibi haina mambo hayo. Unakata kwa kipimo, unaweka uso kwa uso, unashona robo inchi kutoka ukingoni, unafungua, unapiga pasi, unaendelea.

Sisemi karatasi ni kitu kibaya. Ncha za nyota zinatoka kali kweli, na kitambaa kinachovutika kinatulia kikishikwa na karatasi. Ile ya mkono ina uzuri wake pia, maana asiye na cherehani anaweza kushona akiwa kwenye foleni ya kliniki. Wala si ya juzi. Uingereza kuna tandiko la hariri lenye mwaka 1718 lililoshonwa kwa karatasi, na karatasi bado zimo ndani mpaka leo. Lakini lile ni hariri, limetunzwa. Sidhani kuna mtoto anayelikojolea mara tatu kwa usiku.

La kwako litakojolewa. Litatapikiwa maziwa. Litafuliwa leo, kesho na keshokutwa, kwa maji ya moto na mikono yenye nguvu. Kwa hiyo usiulize lipi linapendeza kwenye picha ya status. Uliza lipi litafulika vizuri, likauke lote, lipigwe pasi mpaka kwenye mishono. Na pasi kwetu si urembo, jamani. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa na unyevu, funza wake akaingia kwenye ngozi ya mtoto na kutoa kijipu chenye mdudu ndani. Pasi ya moto, mbele na nyuma, inaua mayai hayo. Sasa blanketi lenye vipande vya karatasi vilivyosahaulika ndani utalikausha saa ngapi? Karatasi inalowa, inageuka uji, inaganda kwenye kona, inashika harufu.

"Lakini nesi, karatasi si inatolewa yote?" Inatakiwa itolewe yote. Anayeshona la kwake hutoa kwa uvumilivu. Anayeshona ishirini za kuuza, na mteja amesimama mlangoni, hutoa inayotoka kirahisi. Kuna mama alinionyesha la kwake, alilinunua kwa bei ya kunishangaza. Lilipofuliwa mara ya kwanza mishono miwili iliachia, na ndani kulikuwa na vipande vya karatasi ya kaki. Sababu naielewa. Karatasi inataka mshono mfupi sana, itoboke na kuchanika bila nguvu. Ukishona kwa hatua ndefu, kila unapovuta karatasi unavuta na uzi, mshono unalegea kabla hata halijafuliwa. Tena karatasi inafanya sindano kuwa butu haraka, na sindano butu inaharibu kitambaa, au inavunjika. Kipande cha sindano kwenye blanketi la mtoto, hilo sihitaji kulieleza.

Na hiyo karatasi imetoka wapi? Hapa ndipo ninapopandisha sauti. Wapo wanaokata vipimo kwenye mifuko ya saruji kwa sababu karatasi yake ni ngumu na haina gharama. Kwa kukatia suruali ya mtu mzima, sina neno. Saruji ikilowa inaunguza ngozi, muulize fundi ujenzi yeyote akuonyeshe vidole vyake. Usiiweke kwenye kitu kitakacholowa mkojo na kulaliwa na mtoto wa siku tatu, ambaye ngozi yake ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu.

Kuna na hili la bandi. Uzi wa bandi usipofumuliwa wote unabaki vitanzi nyuma ya kitambaa. Mtoto mchanga anapiga mateke bila kuangalia, kidole cha mguu kinaingia kwenye kitanzi, uzi unakaza, kidole kinavimba. Mama anaona mtoto analia tu, anadhani tumbo linamsokota. Mtoto akilia bila kunyamaza, mvue soksi, angalia vidole kimoja kimoja. Ukikuta uzi umekaza na hautoki, njoo kituoni saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi.

Mtaniambia bandi na nyuzi zipo hata kwenye ushonaji wa kawaida. Nyuzi zipo, ni kweli, na lazima zikatwe. Ila miraba haihitaji bandi kila kipande, na mshono wake unauona wote kwa jicho, hakuna kilichojificha.

Sasa turudi kwenye hilo neno "kimaskini", maana ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nani kawaambia kuunga vitambaa ni umaskini? Khanga mnazojifunga, mnazobebea watoto, zinasimuliwa kuanza hivyo hivyo. Wanawake wa pwani, Zanzibar na Mombasa, karne ya 19, walinunua leso zilizokuja kwa jora, wakakata sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, likatoka vazi moja kubwa. Hakuna karatasi. Uso kwa uso, mshono, basi. Mpaka leo Mombasa khanga wanaiita leso. Walikuwa wanawake waliojua kuvaa hao, na mjini waliangaliwa. Leo anakuja mtu na video ya dakika mbili anakuambia ya bibi yako ni ya kimaskini, halafu anakuuzia nyota kwa hela ambayo ungenunulia khanga nne safi za kumkaushia mtoto. Na hapo ndipo mzozo wangu ulipo. Mama anafika wodini na blanketi la nyota limekunjwa vizuri kwenye mfuko wake, na hana kitambaa kimoja kikavu cha kumfutia mtoto akitoka. Nyota haimfuti mtoto.

Halafu nyota yenye ncha nane, pale katikati zinapokutana, inatengeneza kifundo kigumu kama punje ya mahindi. Mtu mzima hakisikii. Mlaze mtoto juu yake uone alama mgongoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa fundi aliye karibu na wewe, mwombe makapi ya vitenge, wengi wanatoa bure au kwa hela ya soda. Chagua pamba tupu. Vipande vya nailoni vinayeyuka kwenye pasi. Fua vyote kwanza kila rangi peke yake, kinachochuja kiweke pembeni. Kata miraba ya inchi sita na nusu, 36. Ukishashona robo inchi kila upande, kila mraba unabaki inchi sita, na sita kwa sita inakupa blanketi la inchi 36 kila upande. Mtoto anatosha na nafasi inabaki. Huna vipande vikubwa? Chukua vitatu vya upana wa inchi mbili na nusu na urefu wa sita na nusu, viunge, unapata mraba ule ule. Mstari mmoja una mishono mitano, mistari ni sita, kisha unaunga mistari yenyewe kwa mishono mitano mirefu. Mikunjo ilalie upande mmoja, mshono unakuwa imara. Nyuma weka khanga kuukuu iliyolainika, pitisha mshono juu ya mistari ili tabaka mbili zishikane, na usiache mikia ya nyuzi. Kwa joto letu huhitaji kujaza kitu katikati.

Sharti moja kwenu wa upande wa Geita, na hata huku kwetu kwenye wachimbaji wadogo: nguo ambayo baba aliivaa kwenye mialo, kule wanakochenjua dhahabu kwa zebaki, isiingie kwenye hivi vipande. Hata ikiwa kitenge kizuri. Hata ikifuliwa. Zebaki inaharibu ubongo wa mtoto unaokua, na haionekani kwenye kitambaa kama inavyoonekana tope. Nguo hizo zisifuliwe hata kwenye beseni la mtoto.

Na blanketi, la aina yoyote, si kitu cha kwanza. Mtoto akizaliwa anakaushwa, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mnafunikwa wote wawili. Kuoga kusubiri, Shirika la Afya Duniani linasema angalau saa 24. Aliyezaliwa na uzito mdogo anahitaji kifua cha mama kwa muda mrefu zaidi, na baba akivua shati naye anaweza kumbeba hivyo hivyo, msimwonee haya. Akilala, blanketi liishie kifuani, lisimfike usoni.

Mwenye nyota yake tayari ndani, usiitupe. Ikague mishono, toa karatasi iliyobaki, itandike juu ya kochi wageni waione. Jumapili naandika kuhusu nepi za kitambaa, kuna mjadala mwingine huko.