Saa Yetu Iachwe Ilivyo, Kinshasa Waandike Ni Saa Ya Wapi

Kila mwisho wa Machi na kila mwisho wa Oktoba, ndugu zetu walio Brussels wanatutumia ujumbe uleule: wamebadilisha saa. Na kila mara mabishano yanarudi huku kwetu, Kinsevere na Lubumbashi. Wengine wanasema sisi pia tusogeze saa mbele wakati wa mvua, ili jioni iwe na mwanga. Wengine wanasema nchi ni moja, basi saa iwe moja, ile ya Kinshasa. Mimi nasema pande zote mbili zinakosea. Saa yetu ni nzuri. Kinachotakiwa kubadilika ni tabia ya ofisi za mji mkuu ya kuandika saa bila kusema ni ya wapi.

Tuanze na wale wanaotamani mambo ya Ulaya. Kule Brussels, mwezi wa Juni mchana unapita masaa 16. Mwezi wa Desemba ni kama masaa 8 tu. Watu wenye tofauti kubwa hivyo wana sababu ya kuchezea saa. Lubumbashi, mchana wa Desemba ni karibu masaa 12 na dakika 50, na wa Juni ni karibu masaa 11 na dakika 25. Hata wenyewe wamechoka: mwezi wa Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura desturi hiyo iishe 2021, lakini nchi zao hazijapatana. Namibia walibadilisha saa tangu 1994, na 2017 wakaacha.

Najua jibu la upande ule. Mama anauza nyanya na makala kando ya barabara, umeme hakuna. Akipata saa moja zaidi ya mwanga, si atauza zaidi? Swali hilo lina haki yake. Lakini mwanga huo utatoka wapi? Utatoka asubuhi. Desemba jua linatoka kwetu karibu 5h45. Sogeza saa, itakuwa 6h45. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu atatoka nyumbani gizani. Mfanyakazi wa zamu ya asubuhi atangojea busi gizani, malori yanampita karibu. Na mama yuleyule anayeuza jioni ndiye anayeamka mapema kutafuta bidhaa. Tukitaka mwanga wa jioni, tudai umeme. Laini inayotoka Inga mpaka Kolwezi ina urefu wa kilometa 1,700 hivi, na tangu miaka ya 1980 inaleta umeme kwa ajili ya migodi, huku wakaaji wengi wa jimbo wakiwasha buji. Hilo halitengenezwi kwa kugusa saa ya ukutani.

Sasa wale wa saa moja kwa nchi nzima. Kinshasa iko kwenye nyuzi 15 za mashariki, Lubumbashi kwenye 27. Jua linatumia dakika 4 kupita uzi mmoja. Piga hesabu: ni kama dakika 48 za tofauti. Hiyo saa moja kati yetu na Kinshasa imefuata jua, hakuna aliyeiweka ili kututenga. Tukichukua saa ya Kinshasa, mwezi wa Juni jua litazama kwetu kabla ya 17h, na Desemba litatoka kabla ya 5h. Wao wakichukua yetu, jua lao litatoka karibu 7h mwaka mzima.

Kuna pia Kasumbalesa. Zambia wanatumia saa yetu, Zimbabwe na Afrika Kusini vilevile, na shaba yetu nyingi inapita njia hiyo. Tukibadilisha, malori yatavuka mpaka na kukuta forodha ya upande wa pili ikifungua na kufunga kwa saa nyingine. Nani atalipa muda huo wa kungoja?

Wanatuambia saa moja italeta umoja. China wanatumia saa moja, ya Beijing, tangu 1949. Kule Xinjiang, magharibi ya mbali, wakaaji wengi bado wana saa yao ya kienyeji, masaa mawili nyuma. Amri haikushinda jua.

Shida ya kweli iko kwenye karatasi. Tangazo linatoka Kinshasa: "Mkutano kwa mtandao, 16h00." Ya wapi? Kwa mtu wa huku ni 17h00. Mkutano ukichukua masaa mawili, anatoka ofisini 19h00, usiku umeingia, na kama anakaa nje ya mji, usafiri umekuwa haba. Agizo la "lete dosie leo" likitumwa 15h30 ya Kinshasa, linatufikia 16h30, dirisha la benki limefungwa. Mara nyingi anayengojea na anayechelewa kulala ni mtu wa mashariki.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Kila tangazo la taifa liandike saa mbili: 16h00 Kinshasa, 17h00 Lubumbashi. Kila jambo linalofanyika mahali lifuate saa ya mahali hapo. Inawezekana: tarehe 20 Desemba 2023, vituo vya kura vya mashariki vilipangiwa kufungua 6h00 ya hapa, saa moja mbele ya Kinshasa, na hakuna aliyesema nchi imegawanyika. Na sisi wenyewe tuangalie simu zetu: kwenye orodha ya saa za miji kuna Kinshasa na kuna Lubumbashi. Chagua Lubumbashi.

Wabunge wetu walio Kinshasa wanaishi kwa saa mbili kila wanapopigia simu familia zao huku. Wao ndio wa kwanza kuziambia wizara ziandike jina la mji pembeni ya saa.