Jilinde wakati wote

Kabla kengele ya raundi ya kwanza haijalia, mwamuzi wa ngumi huwaita mabondia wote wawili katikati ya ulingo na kuwakumbusha kanuni. Maneno hutofautiana kutoka mwamuzi mmoja hadi mwingine, lakini agizo moja ni maarufu popote ngumi zinapopigwa: jilinde wakati wote. Bingwa huambiwa, na anayepanda ulingoni kwa mara ya kwanza huambiwa pia. Hakuna anayeona aibu kuambiwa hivyo.

Mtazame bondia anavyosimama. Anayetumia mkono wa kulia huweka mguu wa kushoto mbele na kugeuka ubavu kidogo, ili kifua chote kisiwe shabaha. Kidevu hukiinamisha, maana ngumi ya kidevuni huutikisa ubongo na kumlaza mtu chini. Kiwiko cha kulia hukibana mbavuni kulinda ini, kwa sababu pigo la ini humpigisha magoti hata mwenye moyo wa simba. Magoti hulegea kidogo ili aweze kuondoka mahali alipo kwa haraka. Makocha wengi humfundisha kijana kutumia miguu kabla hawajamfundisha kurusha ngumi, na mkono unakuja baadaye. Kurudi nyuma hatua moja, kuzunguka, kutoka kwenye kona: yote hayo ni ulinzi, na shabiki anayejua mchezo hawezi kuuita woga.

Namna za kujikinga ni nyingi. Archie Moore alipishanisha mikono mbele ya uso na kifua kama mtu anayefunga mlango kwa komeo. Kocha Cus D'Amato aliwafundisha vijana wake kuweka glovu zote mbili mashavuni na kuchezesha kichwa bila kutulia. Kwa kinga hiyo Floyd Patterson alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1956 akiwa na miaka 21, na Mike Tyson mwaka 1986 akiwa na miaka 20. Floyd Mayweather alishusha mkono wa kushoto kiunoni akaliachia bega lizipokee na kuzitelezesha ngumi, akamaliza na mapambano 50 bila kushindwa hata moja. Kila mmoja alichagua kinga inayolingana na mwili wake. Wapo mapadre wenzangu wasioupenda mchezo huu hata kidogo, na wana hoja nzito. Mjadala huo tuuache kwa leo.

Leo nataka tuitazame kinga moja iliyogeuzwa mahubiri. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali mwenye miaka 32 alipambana na George Foreman mwenye miaka 25, bingwa aliyekuwa ameshinda mapambano yake yote 40. Watu walitazamia Ali acheze kwa miguu. Kuanzia raundi ya pili akaegemea kamba, akafunika kichwa kwa mikono, akamwacha Foreman apige mikono na mbavu mpaka achoke. Kona yake ilimpigia kelele atoke kwenye kamba, naye hakusikia. Raundi ya nane Foreman alikuwa hoi, na Ali akamwangusha.

Hadithi hii inasimuliwa sana kama mfano wa uvumilivu. Nimeisikia kwenye semina za ndoa na kwenye sherehe za kumuaga bibi harusi. Vumilia mwanangu, egemea kamba, atachoka mwenyewe. Na pale ambapo hadithi ya Ali haijulikani, ushauri ni ule ule kwa maneno ya dini: beba msalaba wako, mwombee mumeo, mambo ya chumbani hayatoki nje. Mama aliyevunjwa jino anarudishwa nyumbani na wazee wa ukoo, na mara nyingine na watu wa kanisani, akiwa na rozari mkononi na jibu hilo moja.

Ndugu msomaji, tuipime hadithi hiyo kwa haki. Kinshasa kulikuwa na kengele kila baada ya dakika tatu, na dakika moja ya kukaa kitini na kunywa maji. Kulikuwa na mwamuzi aliyesimama hatua mbili kutoka kwao akiwa na mamlaka ya kusimamisha pambano. Ngumi zilivikwa glovu, na mapigo ya chini ya mkanda yalikatazwa. Ali alipanda ulingoni kwa hiari yake, kwa malipo makubwa, dhidi ya mtu wa uzito unaokaribiana na wake. Ni kipi kati ya hayo kilichopo katika nyumba ya vyumba viwili saa saba usiku? Hakuna kengele pale. Anayepiga hachoki, maana akishapiga hulala, na kesho huamka akiwa na nguvu mpya.

Halafu hadithi yenyewe huwa inakatwa katikati. Ali aliizoea kinga ya kupigwa. Hata mazoezini aliwaachia wenzake wampige ili mwili uzoee. Mwaka 1977 daktari wake, Ferdie Pacheco, alimsihi astaafu, na aliposhindwa kumshawishi akaondoka kambini. Mwaka 1980 Larry Holmes alimpiga raundi kumi mfululizo mpaka kocha Angelo Dundee akalisimamisha pambano. Mwaka 1984 Ali aligunduliwa kuwa na dalili za ugonjwa wa Parkinson. Wataalamu wamebishana juu ya mchango wa ngumi katika ugonjwa wake, lakini hakuna anayedai kwamba mapigo yale yalimfaa. Pambano la Kinshasa alishinda kweli. Mwili ulikuwa umeweka hesabu yake pembeni.

Utaniuliza, na shavu la pili je? Ni swali zuri, kwa sababu neno hilo ni la Bwana mwenyewe katika Injili ya Mathayo. Wafafanuzi wengi hutuelekeza tuangalie shavu linalotajwa: la kulia. Anayetumia mkono wa kulia hufika kwenye shavu la kulia la mwenzake kwa kisogo cha kiganja, na hilo lilikuwa kofi la dharau. Bwana anatukataza kulipiza dharau kwa dharau. Lakini tazama alivyofanya yeye. Mbele ya kuhani mkuu Anasi, mtumishi mmoja alimpiga kofi. Yohane anatuambia kwamba Yesu hakumgeuzia shavu la pili. Alimtaka aseme wazi kosa liko wapi, na kama hakuna kosa, aeleze kwa nini anampiga. Mtakatifu Augustino aliliona jambo hili zamani sana, akafundisha kwamba neno la shavu linahusu utayari wa moyo usio na kisasi, na kwamba hatuagizwi kuwa ngoma ya kila mwenye mkono.

Tena Bwana alitumia miguu. Watu wa Nazareti walipompeleka ukingoni mwa mlima wamtupe, alipita katikati yao akaenda zake. Walipookota mawe hekaluni, alijificha akatoka. Kwa kipindi fulani hakutaka kutembea Uyahudi kwa sababu alitafutwa auawe. Mtume Paulo, ambaye aliwaandikia Wakorintho kwa lugha ya ngumi kwa sababu michezo ya Isthmia ilifanyika jirani na mji wao, alishushwa ukutani Damasko ndani ya kapu akatoroka. Askari walipomfunga wamchape mijeledi kule Yerusalemu, aliwauliza kama sheria inawaruhusu kumchapa raia wa Roma asiyehukumiwa. Hakuna anayewaita wawili hao wakimbia msalaba. Saa ilipofika, Bwana aliutoa uhai wake mwenyewe, kwa hiari, kwa ajili yetu. Kipigo cha mlevi anayedai chakula kimepoa hakiwezi kuwekwa kwenye altare moja na sadaka hiyo.

Na hili si wazo langu la Jumapili moja. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema kwamba mwanandoa anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Utaratibu wa kawaida hupitia kwa askofu, lakini pale ambapo kuchelewa ni hatari, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Papa Fransisko, katika wosia Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliongeza kwamba kuna nyakati ambapo kutengana kunakuwa wajibu wa kimaadili. Kutengana huko hakuvunji Sakramenti ya Ndoa, na hakumzuii mama kupokea Komunyo. Wengi hawalijui hili, ndiyo maana nalirudia: hakumzuii. Sheria ya nchi nayo haina utata. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila zinasema vingine. Hilo linamlinda pia mume anayepigwa, nao wapo, na wengi wao hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Lakini bondia aliyepigwa sana mara nyingi hawezi kuamua mwenyewe. Mwaka 1975 kule Manila, Joe Frazier alimaliza raundi ya 14 dhidi ya Ali akiwa macho yamevimba, karibu haoni. Alitaka kuendelea. Kocha wake, Eddie Futch, alimkatalia na kulimaliza pambano huku imebaki raundi moja tu. Frazier alitaka ubingwa, Futch alitaka mtu wake arudi nyumbani mzima.

Kazi ya kona ndiyo inayotupungukia. Wasimamizi wa ndoa tunawachagua kwa sababu ya gari na mchango wa harusi, kisha baada ya picha hatuwaoni tena. Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, na mara nyingine inasali kwenye sebule ambayo kila mmoja anajua kilichotokea pale usiku wa kuamkia jana. Tunasoma Injili, tunatoa sadaka, tunaagana.

Ukimwona leo kanisani dada aliyejitanda kanga mpaka jichoni, usimuulize alimkosea nini mumewe. Muulize usiku wa leo atalala wapi, na watoto watalala wapi. Kama ameumia, msindikize polisi mkachukue fomu ya PF3 kisha mwende hospitali, na pale kituoni ulizieni dawati la jinsia na watoto. Paroko wenu anaweza kuonwa kesho. Hospitali iwe leo.