Uvimbe wa mfupa haungoji mchango wa SHA

MTOTO anapoanguka kidogo tu na kuvunjika mkono karibu na bega, mara nyingine picha ya eksirei hufichua uwazi uliojaa maji ndani ya mfupa. Si saratani. Mfupa wa juu wa mkono ndio unaoathirika zaidi, na wengi huwa hawajui wanao hadi uvunjike.

Si wote wanaohitaji kupasuliwa. Wengine hufuatiliwa kwa picha tu. Mfupa ukiwa mwembamba mno, daktari huukwangua ndani na kuujaza vipande vya mfupa mwingine. Hata hivyo, uwazi huo waweza kurudi, hasa kwa watoto wadogo, kwa hivyo kliniki huendelea kwa miaka.

Hapo ndipo mzigo ulipo. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa wa kiwanda cha Thika hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mama mboga wa Chania, asiye na mshahara, hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja ndipo bima igharamie upasuaji. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa 2025 ni mkopo, na mkopo hulipwa. Serikali ingemruhusu alipe kila mwezi, kama mwajiriwa, mwanawe angepasuliwa kabla mfupa haujavunjika mara ya pili.